Uongo Uliopigwa Chapa Hurudishwaje?



Kila mara wachanjaji wapitapo huku kwetu na visanduku vyao vya baridi, kutoka Baraka ufukoni mpaka Fizi mlimani, sisi makatekista twaulizwa swali lile lile. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hungoja watu watoke kanisani, kisha husema kwa sauti ya chini: “Mwalimu, ni kweli kwamba Sida ililetwa na Wazungu ndani ya chanjo ya polio, kule Ruzizi?” Wengine hawaulizi kitu. Hukaa kimya, na siku ya chanjo watoto wao hawaonekani: wako shambani, au wamevushwa kwenda Ubwari kwa bibi yao.

Ni rahisi kumjibu mama yule: “Hapana, hayo ni maneno ya ovyo, mpeleke mtoto.” Ni rahisi, lakini si haki. Maana maneno yale hayakuzaliwa sokoni. Yalipigwa chapa katika magazeti na vitabu vya watu wenye elimu. Yana tarehe, yana majina ya watu na ya mahali, na sehemu yake moja ni kweli tupu. Basi leo twataka kuyaeleza yote, yaliyo kweli na yasiyo kweli, kisha tuulize jambo linalozihusu dhamiri zetu: uongo ukiisha kupigwa chapa na kuenea duniani, ni nani mwenye wajibu wa kuurudisha, na aurudishe mpaka wapi?

Tuanze na yaliyo kweli. Bonde la Ruzizi si mbali nasi. Ukifuata barabara ya ziwa kwenda kaskazini, ukapita Uvira, umefika. Tangu Februari mpaka Aprili mwaka 1958 serikali ya Kibelgiji iliwakusanya watu wa bonde lile, upande wa Kongo na upande wa Ruanda-Urundi, ili wapewe chanjo mpya ya polio, yaani ule ugonjwa unaowapooza watoto miguu. Haikuwa sindano, ilikuwa dawa ya kumeza. Kwa majuma machache tu walichanjwa watu wapatao 215,000. Wazee walio hai hadi leo waliokuwa watoto siku zile huenda waliimeza.

Chanjo ile iliitwa CHAT. Aliyeitengeneza ni Hilary Koprowski, mtaalamu aliyezaliwa Poland, ambaye alikuwa mkuu wa Wistar Institute kule Philadelphia, Marekani. Mwenzake huku Kongo alikuwa Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani. Karibu na mji ule, kando ya mto Lindi, palikuwa na kambi ya sokwe. Mamia ya wanyama wale walitumiwa kwa majaribio. Mwezi wa Julai 1958 mabingwa wale walitoa taarifa ya kazi yao katika gazeti la waganga wa Uingereza, British Medical Journal. Haya yote hayana mabishano, wenyewe waliyaandika.

Je, palikuwa na kosa hapo? Sisi twasema palikuwa na kosa, wala si dogo. Katika utawala ule mtu wa kijiji alipoitwa na serikali kwa chanjo hakuulizwa kama ataka au hataki. Aliitwa, akaja, akafungua kinywa. Lakini dawa ile ilikuwa ingali ikijaribiwa, na kumjaribia mtu dawa si sawa na kumtibu kwa dawa iliyokwisha kujulikana. Wala mtu asituambie kwamba siku zile wataalamu hawakujua. Mwaka 1947, baada ya kuwahukumu waganga wa Hitler, mahakimu wa Nuremberg waliandika kwamba sharti la kwanza la jaribio lolote juu ya mwanadamu ni ridhaa yake mwenyewe. Na tarehe 14 Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha waganga waliokutana Roma kwamba mganga hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, na kwamba faida ya elimu, hata faida ya watu wote pamoja, haimfanyi mtu mmoja kuwa chombo. Mafundisho hayo yalitolewa miaka sita kabla ya Ruzizi.

Ili tusiwe wadhalimu, tuseme na upande wa pili. Polio ilikuwa adui wa kweli, na Koprowski aliitafuta dawa yake kwa nia ya kuwaponya watoto. Chanjo yake ya kwanza aliinywa yeye mwenyewe, mwaka 1948. Wala hakuwachagua Waafrika peke yao: mwaka 1950 aliwapa chanjo yake watoto 20 wa Letchworth Village, nyumba ya watoto wenye ulemavu wa akili katika jimbo la New York. Twasema hivyo si kwa kumsafisha. Ukitazama vizuri utaona kwamba kule na huku walichaguliwa watu wasioweza kusema hapana.

Liko na kosa jingine, ambalo msomaji wa haraka aweza kuliruka. Chanjo za namna ile hukuzwa ndani ya chembe za figo za nyani. Nyani wa namna gani? Taarifa zao za siku zile hazikulieleza jambo hilo waziwazi. Mwaka 1959 Albert Sabin, aliyekuwa mshindani mkubwa wa Koprowski, aliandika katika gazeti lile lile kwamba amekuta ndani ya chanjo ya Kongo kijidudu asichokijua. Koprowski akakana. Wakabishana, kisha watu wakasahau, kwa sababu chanjo ya Sabin ndiyo iliyoshinda na kutumika dunia nzima. Bali ule mstari usioandikwa, wa kueleza ni figo za nyani gani, ulibaki kama shimo njiani. Miaka zaidi ya 30 ikapita kabla watu hawajatumbukia.

Sida ilipoanza kujulikana, wako walioyaunganisha mambo mawili: Kongo na chanjo, sokwe na Sida. Mtu mmoja wa New York, Louis Pascal, ambaye hakuwa bingwa wa chuo chochote, aliandika hoja ndefu kwamba huenda chanjo ya Kongo ilichafuka kwa kijidudu cha nyani. Magazeti ya elimu yaliikataa. Mwaka 1991 ikapigwa chapa na chuo kikuu kimoja cha Australia. Mwezi wa Machi 1992 Tom Curtis alilieleza jambo hilo katika Rolling Stone, gazeti la muziki la Marekani lenye wasomaji wengi sana. Koprowski akalishtaki. Mwezi wa Desemba 1993 gazeti likatoa maelezo kwamba halikukusudia kusema jambo limethibitika, nalo likalipa fidia ya dola moja. Dola moja! Kwa fedha hiyo hapa Baraka wapata ndagala wa mboga ya jioni moja. Halafu mwaka 1999 Edward Hooper, Mwingereza aliyepata kukaa Afrika ya Mashariki, akatoa kitabu cha kurasa zaidi ya elfu, The River, kikieleza hoja ile kwa urefu: mahali walipochanjwa watu, mahali ilipoonekana Sida ya kwanza, kambi ya Lindi, kila kitu. Baadaye wazee waliofanya kazi Stanleyville walihojiwa, wakaeleza waliyoyaona kwa macho yao.

Sasa tufike katika swali la dhamiri. Je, watu hao walivunja amri ya nane?

Walimu wetu wa teolojia ya maadili hutenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Kuna kumdhania mtu ubaya pasipo sababu ya kutosha. Kuna kutangaza kosa la kweli la mtu pasipo lazima. Na kuna kumsingizia mtu kosa ambalo msemaji ajua kwamba si kweli. Mt. Tomaso wa Akwino hakuyaweka haya katika chungu kimoja. Basi mtu akiuliza kwa nia njema, ana alama fulani mkononi, na jambo lenyewe ni kubwa hata lahusu uhai wa mataifa, huyo hasingizii. Anashitaki, na mashitaka ni njia halali ya kuutafuta ukweli. Wale waliosema Pascal anyamazwe kwa sababu si bingwa walikosea, twaona sisi. Maskini akiletwa barazani na neno lake, baraza hulisikiliza kwanza, kisha hulipima. Ukimfungia mlango, neno lake halifi. Lazunguka nyuma ya nyumba na kuingia sokoni, na huko hakuna mpimaji.

Lakini mashitaka yana sheria yake: mshitaki hukubali kupimwa. Mwakumbuka habari za Susana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili, waamuzi wenye heshima, wanamshuhudia vibaya. Watu wote wamekwisha kuamini. Mama yule apelekwa kuuawa. Kijana Danieli hakutosheka kupiga kelele kwamba wazee ni waongo. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake jambo dogo tu: ni chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule. Uongo ukaanguka kwa ajili ya mti mmoja.

Mabingwa nao walifanya vivyo hivyo, wakauliza miti. Mwenye bidii kuliko wote, kwa maoni yetu, ni William Hamilton, mwalimu maarufu wa Oxford. Yeye aliandika dibaji ya kitabu cha Hooper, akiona kwamba hoja yastahili kupimwa. Hakutosheka na dibaji. Mwezi wa Januari 2000, wakati wa vita, alikuja Kongo, akaingia msitu wa Kisangani kutafuta choo cha sokwe, apate kuona kijidudu chao kama ndicho baba wa kijidudu cha Sida. Akashikwa na malaria, na tarehe 7 Machi 2000 akafa kwao Uingereza. Hatujui alikuwa na imani gani mbele ya Mungu. Lakini mtu aliyesafiri hivyo ili ajue kama neno alilolitetea ni kweli au si kweli, huyo twamvulia kofia.

Mwezi wa Septemba 2000 wataalamu wakakutana London. Masalio ya chanjo ya zamani yaliyotunzwa yalikuwa yamepelekwa katika maabara mbalimbali zisizotegemeana, kama Danieli alivyowatenga wazee. Majibu yalikuwa moja: hamna kijidudu cha Sida, hamna kijidudu cha nyani cha jamaa yake, hamna alama ya sokwe. Mwaka 2004 Michael Worobey na wenzake, wakitumia masalio ya sokwe wa upande wa Kisangani, walionyesha katika gazeti Nature kwamba kijidudu cha sokwe wale ni cha ukoo mwingine, wala si baba wa Sida iliyoenea duniani. Mwaka 2006 wengine walimkuta baba huyo kwa sokwe wa kusini mashariki ya Kameruni. Na mwaka 2008, kwa kulinganisha damu na nyama za wagonjwa wa Kinshasa za miaka 1959 na 1960, ilionekana kwamba kijidudu kilikwisha kuingia kwa wanadamu mwanzoni mwa karne iliyopita, kati ya mwaka 1884 na 1924. Hesabuni wenyewe. Chanjo ya Ruzizi ni ya mwaka 1958. Mtoto hawezi kumtangulia mama yake kuzaliwa, wala ugonjwa hautangulii kitu kilichouleta.

Na wale wazee wa Stanleyville, je, walisema uongo? Hapana sababu ya kuwaita waongo. Shahidi hueleza alichokiona: wanyama, visu, chupa. Lakini kilichoingia katika chupa na kupelekwa Ruzizi, na kilichokuwamo ndani ya tone la dawa, hayo jicho haliwezi kuyaona. Watu huchanganya sana mambo haya mawili, ushuhuda na tafsiri ya ushuhuda, hata katika mabaraza yetu ya kijiji.

Sisi wa jimbo la Uvira twapaswa kuielewa kazi hii kuliko wengine. Tarehe 18 Agosti 2024 tuliwaona Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert wakitangazwa wenye heri pale Uvira. Waliuawa tarehe 28 Novemba 1964, wawili hapa Baraka na wawili Fizi. Wazee wetu walijua tangu siku ile ile kwamba wale ni wafiadini. Mbona basi Kanisa lilingoja hivyo? Kwa sababu Kanisa halipokei hata neno jema pasipo kulipima. Katika kesi kama ile mashahidi huapishwa, maneno yao huandikwa na mwandishi aliyewekwa kwa kazi hiyo, na yupo afisa wa Kanisa ambaye kazi yake ni kuuliza maswali magumu. Tangu Papa Sisto V, mwaka 1587, watu walimpa afisa huyo jina la utani, wakili wa shetani. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alizibadili kanuni, lakini maswali magumu hayakuondolewa. Ikiwa sifa za mtakatifu hupimwa hivyo, basi lawama juu ya mwenye dhambi ipimwe mara ngapi?

Haya. Maneno yalipimwa, yakaonekana si kweli. Curtis na Pascal waliandika kabla ya kupimwa. Hao twawaacha kwa Mungu na kwa nia yao. Hooper hakukubali majibu ya London, akaendelea kuyapinga. Hapo ndipo sisi twamwachia mkono. Mtu hana hatia kwa kuuliza, lakini akiisha kujibiwa na mashahidi wengi wasiojuana, na bado akashikilia, ule uhuru wa kuuliza unaanza kuwa kitu kingine.

Lakini wajibu wa kurudisha je? Mafundisho ni wazi na ya zamani. Mwizi akitubu, haitoshi aseme “nisamehe”, hurudisha mbuzi. Zakayo aliyesimama mbele ya Bwana hakutoa machozi, alitoa hesabu. Vivyo hivyo aliyeiba jina jema la mtu, au aliyeutia uongo katika vichwa vya watu, hurudisha. Na kipimo cha kurudisha ni ukubwa wa hasara yenyewe. Ukimsingizia mtu mbele ya watu watatu, waendee wale watatu. Ukimsingizia kwa tarumbeta, usimrudishie heshima yake kwa kunong'ona.

Magazeti ya elimu yanayo desturi yake katika jambo hili, nayo ni desturi nzuri yakiitimiza. Habari ikionekana ni ya uongo au haitegemeki, gazeti huitangua: haliifuti kana kwamba haikuwako, bali huandika juu yake kwamba imetanguliwa, na kwa sababu gani, ili kila aifunguaye aone. Mwaka 2020, wakati wa Korona, gazeti la Lancet lilitoa tarehe 22 Mei habari iliyodai kuwa na hesabu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za dunia nzima, hata za Afrika. Shirika la Afya la Dunia likasimamisha jaribio la dawa kwa ajili yake. Wataalamu wengi wakauliza: hospitali gani za Afrika zinazoandika habari za wagonjwa kwa ukamilifu namna ile? Wenye hesabu wakakataa kuzionyesha. Tarehe 4 Juni habari ikatanguliwa, baada ya siku 13. Lakini gazeti lile lile lilikuwa limetoa mwaka 1998 habari ya Andrew Wakefield juu ya watoto 12, iliyowafanya wazazi wengi kuiogopa chanjo ya surua, na kuitangua kabisa kulingoja mpaka Februari 2010. Miaka 12! Watoto wangapi wanazaliwa na kukua katika miaka 12?

Wakuu wa magazeti huchelewa kwa sababu tunazozijua wote: aibu, hofu ya kushtakiwa, urafiki, na kulinda jina la nyumba. Lakini hata yakiwahi, liko jambo ambalo hatujasikia wakilijadili vya kutosha. Kutangua kwao huishia pale walipoanzia. Nature husomwa na wenye Nature. Uvumi wa Ruzizi ulipanda malori na mitumbwi, ukafika Fizi, ukapanda mpaka vijiji vya milimani. Majibu ya mwaka 2004 hayakupanda chombo. Nani alikuja Baraka kusema, kwa lugha ya watu, kwamba jambo limepimwa? Ikiwa malipizo yafuate hasara mpaka ilikofika, basi deni hili halijalipwa, na anayelidaiwa si Hooper peke yake. Wadaiwa ni pia wale wa 1958 waliowafanyia watu jaribio bila kuwauliza wala kuandika kwa ukamilifu dawa ilipikwa katika nini. Uongo ulipata mahali pa kukaa kwa sababu haki ilikuwa imeacha nyumba wazi.

Na hasara yenyewe si maneno. Mwezi wa Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto saba wamepooza, mmoja Burundi na sita katika nchi yetu, katika majimbo ya Tanganyika na Kivu ya Kusini. Tena, jambo chungu kulisema: kijidudu kilichowapooza kilitokana na chanjo yenyewe, ile mpya ya matone. Kijidudu cha chanjo kimepunguzwa nguvu; lakini kikipita muda mrefu kutoka mtoto hadi mtoto, mahali ambapo wengi hawakuchanjwa, chaweza kurudia ukali wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chanjo ile mpya, baada ya dozi karibu milioni 600 kutolewa.

Je, habari hiyo ilitolewa na nani? Na maadui wa chanjo? La. Waliitangaza wale wale wanaoisimamia kazi ya kumaliza polio duniani, wakitaja mikoa na hesabu. Wangeweza kunyamaza. Hapo ndipo tulipopata jibu la kumpa mama yule wa mlangoni, na ndilo tulitoalo mpaka leo: “Mama, mwaka 1958 hawakuwauliza wazee wetu, na hilo lilikuwa kosa. Kwamba walileta Sida, hilo limepimwa na si kweli. Mwaka 2023 chanjo iliwapooza watoto saba, nao walisema wenyewe. Na kijidudu kile hupata nguvu hasa pale ambapo watoto wengi wamefichwa.” Ni jibu refu, na foleni ya watu inangoja. Lakini tumeona kwamba mama aliyeambiwa na lile baya huliamini na lile jema.

Sasa tugeuze uso kwetu wenyewe, maana ni vibaya kuhukumu London na Philadelphia tu. Siku hizi huku kwetu hupita watafiti wengi, wa vyuo na wa mashirika, wakiuliza habari za vita, za wakimbizi, za maji, za kipindupindu. Vijana wetu ndio wanaoajiriwa kubeba maswali yao nyumba kwa nyumba. Tuweke kisa cha dhamiri, kama tulivyofundishwa seminarini. Kijana mmoja apewa karatasi 20 za maswali juu ya maji, alipwa kwa hesabu ya karatasi. Mvua yanyesha, Mutambala umejaa, nyumba sita za mwisho ziko ng'ambo. Akaa chini ya mwembe, ajaza zile sita kwa kichwa chake. Baadaye aenda kuungama. Padre amwondolea. Je, amemaliza?

Kijana ana hoja zake, nazo si za kijinga. Husema kwanza: ni karatasi sita tu. Husema pia: hao wakubwa walitudhulumu kwanza. Sisi twatembea njia zenye hatari, sisi twatafsiri, sisi twajua ni nani wa kuulizwa, kisha kitabu chatoka Ulaya na jina letu halimo. Malalamiko hayo ni ya kweli. Mwaka 2020 watafiti wa kwetu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliyatoa waziwazi katika mfululizo wa maandiko ulioitwa Bukavu Series, wakieleza jinsi mwenyeji wa nchi anavyobeba kazi na hatari, na mwingine anavyobeba sifa. Kuficha jina la mtu aliyefanya kazi ni kumwibia, wala hatuoni jina jingine la kuliita.

Lakini dhuluma mbili hazifutani. Tena atazame nani hasa anayeumizwa na zile karatasi sita. Bwana wa Ulaya haumii. Walioumia ni watu wa ng'ambo ya Mutambala. Kama kijana aliandika chini ya mwembe kwamba nyumba zile zapata maji safi, basi siku ya kugawa visima kijiji kile kitarukwa, na watoto wataendelea kunywa maji ya mto.

Basi hajamaliza. Kwa mafundisho ya zamani halazimiki kujiaibisha mbele ya watu wote, ikiwa hasara yaweza kuzuiwa kwa siri. Lakini kuizuia ni lazima. Kama hesabu hazijapelekwa, amwambie msimamizi, au arudi mwenyewe na kuziuliza nyumba zile sita, hapo fedha aliyolipwa itakuwa halali yake. Kama zimekwisha kupelekwa, hata kama kitabu kimekwisha kupigwa chapa, amwandikie mwenye utafiti. Kuanzia hapo mzigo wahamia kwa yule mwenye utafiti: yeye naye hana ruhusa ya kunyamaza, ila amweleze mhariri, na mhariri awaeleze wasomaji. Kila mmoja hujibu kwa sehemu yake, na mmoja akikataa, dhambi ya kukataa ni yake, si ya kijana.

Siku hizi, twaambiwa, karatasi zinaondoka; watafiti hutoa simu kubwa zinazoandika zenyewe saa na mahali, ndiyo maana wako vijana wanaovuka mto, wakafika kijijini kabisa, kisha wakajaza majibu wakiwa nje ya uzio bila kubisha hodi. Simu imedanganyika, lakini kwa teolojia ya maadili hakuna kilichobadilika. Bali kwa yule mwenye karatasi, zikiwa zingali mfukoni mwake, kazi ni nyepesi: achukue kalamu, azipige mstari zote sita, aandike juu yake kwamba mto ulijaa, hakufika.